Uzi juu ya tufe

Kabla ya kufunga sanduku nilishusha tufe langu, lile nililofundishia jiografia miaka mingi, nikavuta uzi kutoka Nairobi hadi New York. Kwenye ramani ya ukutani, mstari ulionyooka kati ya miji hiyo hupita Nigeria na Mali. Uzi ukivutwa juu ya tufe hushika njia iliyo fupi zaidi, nao haukukubali. Ulipanda kaskazini zaidi, ukapita Sudan Kusini, Chad na jangwa la Algeria, na nusu ya njia kamili ikaangukia karibu na Marrakech, Moroko. Kilomita 11,800 na ushei, na nusu yake ni Afrika! Nilikaa kitako nikautazama.

Zamani ukienda Marekani ilibidi ubadilishe ndege njiani, mara nyingi Ulaya au nchi za Ghuba. Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways inakwenda moja kwa moja, saa kumi na tano hivi. Mimi nilisafiri Januari, kwenda kumwona mjukuu.

Tuliruka saa tano na nusu usiku. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari kama hii hukimbia sana kabla ya kunyanyuka. Ubaridi wa usiku huisaidia. Nilizihisi mbio zile mgongoni.

Nililala, nikaamka, nikala, nikalala tena. Saa ya sita ya safari, kijana wa kando yangu alitazama skrini akashtuka: "Mama, mbona bado tuko Afrika?" Nikamweleza habari ya uzi. Akasogeza kichwa dirishani, nami nikachungulia begani kwake. Giza tupu. Baadaye zikaja taa chache, halafu hakuna taa tena: bahari.

Usiku ule sitausahau. Jua lilikuwa limetuchwea Nairobi kabla ya saa moja jioni. Tulitua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bado giza, na kulipokucha nyumbani ilikuwa imeshapita saa tisa alasiri. Saa ishirini za usiku mmoja, kwa sababu tulikuwa tukikimbia upande uleule giza linakokimbilia.

Nikampigia mzee wangu. "Umefika saa ngapi?" Nikamwambia alfajiri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye ameshakula chakula cha mchana.

Kurudi kulikuwa kwepesi, saa kumi na nne, maana kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi na huisukuma ndege kwa nyuma. Tuliondoka adhuhuri, na jua likatukimbia upesi mno. Chakula cha kwanza hakijaondolewa mezani, dirisha likawa jeusi.

Uzi bado uko kwenye tufe. Nimeubandika kwa gundi, mjukuu akija nimwonyeshe Marrakech.