Nilivyoshusha giaboksi na transfa ya Land Rover 110 uani kwangu

Klachi iliniachia jioni, karibu na Rhotia, nikiwa natoka Mto wa Mbu na magunia sita ya mchele nyuma. Nilisikia "ta!" chini ya miguu, pedali ikalala sakafuni na haikurudi. Nikazima, nikaweka lou, ile gia nzito ya kupandia, na gia ya kwanza, nikapiga stata gari ikiwa ndani ya gia. Injini ya 300Tdi kwenye lou inaondoka namna hiyo bila ubishi. Gia nyingine nikazibadili kwa kusikilizia mlio, nikafika Karatu usiku, shati limelowa.

Mastasilinda na silinda ya chini zilikuwa nzima, haidroliki ipo. Ina maana ugonjwa uko ndani, na kuufikia lazima giaboksi ishuke. Fundi wa mjini alitaka laki tatu za kushusha na kupandisha tu, spea juu yangu. Gari hiyo ilishawahi kushushwa giaboksi kwenye gereji moja miaka miwili nyuma, na tangu irudi sikuwa na amani nayo. Nikasema safari hii naishusha mwenyewe. Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne alikuwepo, hana kazi, ana mgongo.

Kwanza tulimwaga oili, na hapo ndipo nilipopata habari ambayo sikuitarajia. Giaboksi ya R380 inatumia ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Transfa, yaani LT230, lile sanduku la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, inatumia oili nzito ya 90. Tulipofungua nati ya transfa, ilitoka oili ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, wekundu unaonekana ukiinua kopo juani, na ilikuwa zaidi ya lita tatu, kupita kiasi inachotakiwa kuchukua. Giaboksi inayotakiwa kuwa na lita 2.67 ilitoa kama moja na nusu. Sili ya kati ya giaboksi na transfa ilikuwa imekufa, giaboksi inainywesha transfa. Kama nisingeharibikiwa na klachi, ningekuja kuua giaboksi bila hata kuona tone chini.

Propela, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, zikafuata. Nati zake ni za 9/16, na usijidanganye: spana ya 14 haiingii, ya 15 inakula kona. Tulianza na ya mbele, halafu ya nyuma, na hapo nilifanya ujinga ambao nauandika ili mwingine asiurudie. Hendibreki ya Land Rover haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa, na ngoma inashika propela. Nati ya mwisho ilipotoka, gari haikuwa na hendibreki tena. Ilisogea kama shubiri moja, ikaegemea jiwe ambalo mpwa wangu alikuwa ameliweka gurudumu la nyuma kwa hiari yake, wala sikumwambia.

"Mjomba, toka huko chini," alisema taratibu, kama mtu anayemwita kuku. Nilitoka. Hatukuendelea siku hiyo. Kesho yake tuliweka mawe magurudumu yote manne, mbele na nyuma, na gari tukaipandisha juu ya magogo, maana jeki kwenye udongo huu mwekundu inazama kama kijiko kwenye uji. Chini ya kila jeki iweke kipande cha mbao nene.

Kufungua vingine hakuna hadithi kubwa: waya wa betri, kipande cha kati cha ekzosti, kebo ya spidi na ya hendibreki, waya wa taa ya rivasi, vijiti vya gia na sakafu ya katikati ambayo bolti zake ndogo zote zina kutu. Krosimemba, chuma kinachokingama chini ya giaboksi, ilikataa kutoka hata baada ya bolti kwisha, kwa sababu chesisi inaibana kutoka pande zote mbili. Nililaza jeki ndogo katikati ya chesisi, nikaitanua kidogo tu, nyundo mbili, ikadondoka.

Wengi wanashusha giaboksi na transfa zikiwa zimeshikana. Gereji yenye jeki ya giaboksi, sawa. Sisi wawili tuliamua vipande viwili, na ningerudia leo ningefanya vilevile. Tulichimbia miti miwili yenye panda, mmoja kila upande wa gari, tukapitisha bomba la chuma mlango hadi mlango, kama la kuchomea mbuzi. Tukaning'iniza cheni bloku ya kuazima katikati, mnyororo ukapita kwenye tundu la sakafu. Transfa ilishuka kwanza, kisha giaboksi, injini ikiwa imeegemea jeki yenye mbao. Kwenye hauzingi ya klachi, pale giaboksi inapofungwa na injini, niligundua bolti mbili hazipo kabisa. Basi amani yangu ilikuwa imepotelea gereji kule.

Ugonjwa ulionekana bila kutafuta. Foki ya klachi, ile inayosukuma rilizi beringi ukikanyaga pedali, ni bati nene lililokunjwa, linaegemea kichwa cha mviringo kama gololi. Gololi ilikuwa imetoboa foki na kutokea upande wa pili, tundu safi, kingo zake zinang'aa. Hili ni tatizo linalojulikana la gari hizi. Nilinunua foki mpya, na kabla ya kuifunga nikampelekea mtu wa kuchomelea aongeze kibati mgongoni mwake, pale pale gololi inapogusa. Nikabadili rilizi beringi, pleti na ile sili. Meno ya shafti inayoingia kwenye transfa niliyapapasa kwa kucha, yalikuwa bado yana kona.

Kupandisha ndiko kulikotula siku mbili. Pleti niliiweka katikati kwa mti niliouchonga na kuuzungushia tepu mpaka ukabana. Bolti mbili ndefu nilizikata vichwa, nikazifunga kwenye injini ziwe reli. Foki na kijiti cha silinda nikavifunga kwa uzi wa nailoni visidondoke ndani, na uzi ukikatika baadaye hauna madhara. Giaboksi ikaingia, ikaingia, ikasimama. Imebaki nafasi ya kidole.

Hapo ndipo watu wanapovunja vitu. Mpwa wangu alikuwa tayari na spana, aivute kwa bolti. Nikamkataza: ukiivuta hivyo unapinda pleti au unapasua hauzingi. Nikapima nafasi kwa njiti ya kiberiti, chini inabana, juu inacheza. Injini ilikuwa imeinuliwa mno nyuma, pale inapoegemea jeki. Nikashusha jeki kidogo, nikatia gia, nikazungusha shafti ya nyuma kwa mkono huku yeye akiisukuma kwa goti. Ikaingia yote mara moja, "tup", na sote tukakaa kimya tukiitazama.

Jumamosi ya pili tulitia oili, kila moja yake, mpaka inachuruzika kwenye tundu la ubavuni. Klachi ikawa nyepesi kuliko nilivyoizoea. Wiki tatu baadaye, baada ya kupanda na kushuka Mto wa Mbu mara nne, nilifungua nati ya ubavuni ya transfa na kuchovya kidole. Oili ilikuwa ya rangi ya asali, nzito, usawa wake ule ule.