Nilivyobandua saruji kwenye ukuta wa nyumba ya bibi

Nyumba ya bibi ipo Mji Mkongwe, Unguja, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyojengewa kwa chokaa. Miaka minne nyuma chumba cha chini kilikuwa kinapukutika, nikakipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake. Kikapendeza. Masika ya kwanza tu rangi ikafura kama malengelenge, plasta ikaanza kudondoka vipande upana wa sahani, na nyuma yake unga mweupe. Niliuonja: chumvi.

Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya chokaa tangu ujana, aliweka kiganja ukutani akasema, "Mwanangu, maji haya yanapanda kutoka chini, na wewe umeyafungia mlango." Chokaa huupitisha unyevu ukatoka na kukauka. Saruji na rangi ya mafuta huuzuia, basi unazidi kupanda, na chumvi inaganda nyuma ya plasta mpaka inaisukuma.

Juni, mvua zilipokatika, nikaanza kubandua. Tindo ilaze ubavu na nyundo iwe nyepesi, kwani saruji ni ngumu kuliko jiwe. Ukipiga wima inaondoka na jiwe lenyewe. Chumvi nimeipangusa kwa brashi kavu nikaizoa nje. Usiioshe, itayeyuka irudi ndani. Kisha ukuta nikauacha wazi hadi Septemba. Hapo ndipo pagumu, maana nyumba nzima ilichoshwa na vumbi.

Muda wote huo chokaa ilikuwa pipani, imefunikwa na maji. Ilitoka laini kama samli iliyoganda. Nilichanganya ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wa kuchimba uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi ileile unayoikimbia. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza, na jichoni ni hatari kweli.

Ukuta uloweshe kwanza, la sivyo jiwe kavu linafyonza maji ya chokaa. Nilipiga unene wa sentimita 1 hivi. Upande wa dirishani niliuacha upigwe na upepo, asubuhi nikakuta nyufa kama wavu. Nikaukwangua wote nikarudia. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na ikikauka mapema haivuti. Safari ya pili nikatundika magunia mabichi mbele yake siku saba, nikiyanyunyizia asubuhi na jioni.

Mwisho nikapaka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tano. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu, na mkono utakuwasha kuizidisha uzito. Iache. Ikikauka inang'aa nyeupe.

Masika mawili yamepita. Mvua zikikaza, usawa wa goti ukuta hupiga weusi, na kufika Julai huwa umekwisha kuwa mweupe wenyewe. Kabati nimelisogeza kiganja kimoja kutoka ukutani, hewa ipite.