Nilivyopika sambal Melbourne bila kuamsha kengele ya moshi

Wadogo zangu wawili wamepata nafasi ya kusoma Australia, na swali lao la kwanza si ada wala viza, ni chakula. Nawaandikia hapa na wengine wafaidike, maana majibu niliyopewa mimi kabla ya kuondoka Tanga yalinitesa. Mmoja aliniambia nijaze begi viungo. Nikajaza, kisha kufika Clayton, huko Melbourne, nikakuta maduka ya Wahindi yana iliki, mdalasini na bizari za kila namna. (Ukibeba chochote cha kuliwa, kitaje kwenye fomu ya kuingilia nchini. Anayetaja haadhibiwi; anayeficha ndiye anayepigwa faini, na si ndogo.) Mwingine, mtu mzima aliyewahi kuishi huko, akanishauri nisahau kabisa chakula cha kwetu, nizoee mkate na jibini, eti ndiyo njia ya kutoumia moyo. Huyo namlaumu mpaka leo. Nilimfuata miezi minne, nikakonda, na nikawa nalia nikisikia tu harufu ya kitunguu kinachokaangwa chumba cha jirani.

Walionitoa pale ni Wamalaysia.

Clayton ni kitongoji cha kusini-mashariki mwa Melbourne, kilipo chuo cha Monash. Wanafunzi wa Malaysia ni wengi mno pale. Monash ina tawi lake kule kwao tangu 1998, na tangu miaka ya 1950 wazee wao walikuwa wakija kusoma Australia kwa ufadhili wa Mpango wa Colombo, ule wa nchi za Jumuiya ya Madola kusaidiana, kwa hiyo kuja kwao si jambo geni. Nilihamia ghorofa la wanafunzi, watu wanne jiko moja, na wenzangu wote watatu walitoka huko. Mkubwa wao, mwanamke wa Kota Bharu, jimbo la Kelantan, aliyekuwa akisomea shahada ya pili, tulimwita Kak, yaani dada mkubwa. Mimi akaniita adik, mdogo wake, na tangu siku hiyo nikawa mdogo wake kweli.

Jumapili ya kwanza niliamshwa na harufu ya wali wa nazi. Nikatoka na kanga kiunoni hadi jikoni, nikamwambia, "Kak, hii ni nazi!" Akaitikia, "Ndiyo, nasi." Nikasema nazi. Akasema nasi. Tulirudishiana hivyo mpaka akachukua kopo la tui akanionyesha, na mimi nikachota wali kwa kijiko nikamwonyesha. Kwao nasi ni wali. Nazi ni kelapa. Chakula chenyewe kinaitwa nasi lemak: wali wa tui wenye jani la pandani lililofungwa fundo, na pembeni dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai, na juu yake sambal, yaani rojo zito la pilipili. Jani hilo ni la ukoo mmoja na mkadi wetu. Nilikula sahani tatu. Siku ile ile tukaanza kuhesabu maneno tunayochangia: sabun, dunia, nanas, na salamu yao yenyewe, apa khabar. Nilipomwonyesha picha ya mbuzi ya nazi ya bibi yangu alinyamaza kwanza, kisha akaniambia bibi yake huko Kelantan anakalia kiti hicho hicho.

Kuhusu tui la kopo, sikilizeni wadogo zangu, hili sikufundishwa na mtu. Soma nyuma ya kopo, chagua lililoandikwa nazi na maji basi, lisilo na unga wa kulifanya zito. Liweke friji usiku mzima bila kulitikisa. Asubuhi ukilifungua, tui la kwanza limeganda juu na la pili liko chini, kama umekamua kwa mkono wako. La pili pikia wali, la kwanza malizia. Kak aliyekuwa akipika miaka yote hiyo hakuwahi kulifanya hilo, na sasa huko kwao anawafundisha wenzake. Najivunia.

Sasa sambal. Ndani yake kuna belacan: ni uduvi uliotiwa chumvi, ukapondwa, ukaachwa uchachuke, ukaanikwa hadi ukawa kipande kigumu cha rangi ya udongo. Kinauzwa Springvale, vituo viwili vya treni kutoka Clayton, pamoja na majani ya pandani yaliyogandishwa, kwa dola chache tu. Belacan lazima ichomwe kwanza, na ikichomwa harufu yake inapita chini ya milango. Baada ya hapo pilipili kavu zilizolowekwa husagwa pamoja nayo, vitunguu maji na vitunguu saumu, zikakaangwa kwa mafuta mengi na moto mdogo, karibu saa nzima, mpaka mafuta yajitenge na kuelea. Ukwaju na sukari guru huja mwisho. Moshi wake unakohoza hata aliye chumbani.

Julai 2023, katikati ya baridi ya kule, tuliijaribu jikoni kwetu usiku. Feni ya jiko tuliiwasha, dirisha lilifunguka kiasi cha viganja viwili tu. Kak alikuwa bado anageuza kile kipande cha belacan kwenye kikaango kikavu, hata pilipili hazijaingia, kengele ikalia. Si yetu peke yake, ya jengo zima. Watu wote wakashuka ngazi, wengine wamejifunga mataulo, mimi kanga mbili na soksi, tukasimama nje kwenye ubaridi wa nyuzi kama sita huku gari la zimamoto likikata kona na taa zake. Askari wa zimamoto alipanda, akashuka, akatutazama kwa upole akauliza ni nani aliyekuwa akipika samaki. Kengele zile zimeunganishwa moja kwa moja na kikosi, na wakija bure anayetozwa ni mwenye jengo, naye wetu akatutupia sisi wapangaji. Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ilizidi dola elfu moja. Tuligawana wanne, nikafanya zamu za ziada za usafi mwezi mzima.

Na hapo ndipo washauri walipojitokeza. Kijana mmoja wa ghorofa ya juu akatuambia tukifunike kile kidude cha moshi kwa mfuko wa nailoni tukimaliza tuuvue. Nawaomba, msikubali hilo hata siku moja. Watu zaidi ya mia wanalala ndani ya jengo lile wakiamini kidude kile kiko macho. Kak alimkatalia papo hapo, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Mwingine akasema tutumie maikrowevu. Tukaifunga belacan kwenye karatasi, dakika moja. Haikutoa moshi, ni kweli, lakini haikuiva pia, ikatoka mvuke tu, na uji wangu wa asubuhi ukanuka uduvi siku tisa. Tukaacha. Miezi ikapita tukila wali mkavu na sambal ya chupa, na Kak hakulalamika, ila sahani yake alikuwa haimalizi.

Dawa niliiona mimi. Ilikuwa Ramadhani ya 2024, nakatiza bustani ya umma nikitoka darasani, nikaona familia inachoma soseji kwenye jiko la umeme la pale. Katika bustani nyingi za Australia halmashauri imeweka majiko hayo, bati pana la chuma juu ya kizimba cha matofali, na hulipi chochote. Unabonyeza kitufe, taa ndogo inawaka, bati linapata moto. Muda ukiisha linazimika, unabonyeza tena. Nilisimama pale na njaa yangu ya saumu nikawaza: huku nje kengele ya moshi itoke wapi?

Nilimwambia Kak wakati wa futari. Jumapili iliyotangulia saa za kule zilikuwa zimerudishwa nyuma saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka majira ya joto yakiisha, kwa hiyo magharibi iliyokuwa ikiingia saa moja jioni ikaingia saa kumi na mbili, na sote tulikuwa na furaha ya kupunguziwa saa ambayo hatukupunguziwa. Akatafuna tende yake polepole, akasema, "Adik, Jumamosi."

Idi ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Aprili, siku ya masomo kama nyingine kule. Tuliswali, tukaenda darasani. Kwao Malaysia wana desturi ya nyumba wazi wakati wa Idi, mlango unaachwa wazi, yeyote aingie ale. Jumamosi tukaifanya bustanini.

Tulifika saa moja asubuhi tukawahi jiko. Kwanza lisugueni bati, tandazeni karatasi ya foili, maana waliotangulia wamechomea nguruwe. Katikati ya bati kuna tundu la kupitishia mafuta. Kikaango kisikae juu yake, kiweke pembeni kilale sawasawa. Belacan tuliifunga kwenye foili tukailaza kwenye chuma dakika kama nne kila upande. Halafu mafuta, halafu rojo la pilipili tuliyoisaga nyumbani. Moto wa bati lile ni mdogo, nami nilianza kuogopa kwamba tutakesha. Kumbe ndio moto sambal inaoutaka! Haikushika chini, haikuungua. Baada ya saa moja na robo, na kitufe nimekibonyeza sijui mara ngapi, nikaona ukingo wa kikaango unaanza kung'aa, duara jembamba la mafuta mekundu likipanuka kuelekea katikati. Kak akaonja kwa ncha ya kidole. Akaniambia ni kama ya mama yake, akageuka upande wa miti akasimama kidogo.

Walikuja watu kama arobaini. Wamalaysia, Waindonesia, Wasomali wa mtaa wa pili, Wakenya wawili waliofuata harufu ya wali wa nazi na kunisalimu kwa Kiswahili, nikawakumbatia kama ndugu. Mzee mmoja Mwaustralia aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama akauliza tunapika nini. Kak akampakulia. Machozi yalimtoka, akajifuta, akaomba aongezewe, na akatuonyesha bustani nyingine nyuma ya maktaba yenye majiko mawili na paa la kukinga mvua. Ndiyo tunayoitumia sasa.

Kak alimaliza masomo akarudi Kota Bharu. Kinu chake cha mawe hakikuweza kupanda ndege kwa uzito wake, akaniachia mimi, kikiwa bado na rangi nyekundu ndani ambayo haitoki hata ukisugua. Nimeshaanza kuulizia bei ya kukisafirisha kwa meli mpaka Tanga.