Jogoo au mtetea? Usiangalie upanga peke yake

Vifaranga vya kienyeji huuzwa mchanganyiko, kwa hiyo ukinunua unabeba na majogoo upende usipende. Mimi nafugia uani hapa Morogoro na banda ni dogo. Jogoo asiye na kazi anamaliza chakula, na akishapevuka anawapanda mitetea wasio tayari mpaka wananyonyoka mgongo. Ndiyo maana nilitaka kuwajua mapema.

Kila mtu huanza na upanga, yaani kile kinyama cha juu ya kichwa. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 upanga wa jogoo huanza kukua na kuiva wekundu, na ndevu zinachomoza chini ya mdomo. Mtetea wa rika hilo bado ana kijipanga kidogo kilichopauka. Kwa kuku wa kawaida hiyo inatosha, ila kundi langu lina damu ya kuchi, aina ya kuku wa kienyeji warefu. Kuchi upanga wake ni mdogo, umelala kichwani, awe jogoo au jike, na hata majike ni marefu, yenye miguu minene, yanasimama wima kama askari wa gwaride. Ukichagua kwa upanga na kimo, utapeleka mitetea sokoni.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Singida. Palikuwa na kuku mmoja mweusi mrefu ambaye nyumba nzima ilishamwekea mahesabu ya sikukuu. Mama alimdaka, akampakata, akapekua manyoya pale mgongo unapokutana na mkia. "Mwanangu, huyu si wa kuchinja. Njoo uone." Manyoya yalikuwa mapana, mafupi, ncha zake za mviringo. Akamshika mwingine wa rika lile lile: pale pale kiunoni yalikuwa membamba, yamechongoka, yanang'aa na kuning'inia ubavuni. Huyo ndiye jogoo.

Alama hiyo inasomeka vizuri kuanzia kama miezi mitatu. Hata kishingo, ambaye shingoni hana manyoya ya kukuambia lolote, kiunoni hajifichi. Anayesumbua ni kidimu, kwa sababu manyoya yake yamejikunja na ncha hazionekani sawasawa. Huyo namwacha mpaka awike. Mambo ya kuning'iniza sindano juu ya yai ili kujua jinsia, mniache nayo.

Majogoo yalipoondoka, banda likapumua na nikaanza kuwaandaa waliobaki. Chotara wangu wengi huanza kutaga wakiwa na miezi mitano hadi sita, na kienyeji halisi huchelewa zaidi. Hapa wafugaji wengi hukimbilia kuwapa chakula cha kuku wa mayai mapema, wakidhani kitaharakisha mambo. Mimi sikubaliani nalo. Chakula hicho kina kalsiamu ya karibu asilimia 3.5 hadi 4, wakati cha kukuzia kina kama asilimia 1. Kuku asiyetaga hana gamba la kutengeneza, na kalsiamu ya ziada inaishia kumuumiza figo. Nilibaki na cha kukuzia mpaka nilipookota yai la kwanza, ndipo nikabadilisha kidogo kidogo.

Dawa ya minyoo niliwapa kabla hawajaanza, ili nisije nikalazimika kumwaga mayai yenye mabaki ya dawa. Chanjo ya mdondo (kideri), ile ya tone jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, nayo niliipanga iishe mapema.

Viota ni vijisanduku vya mbao vya sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku wanne au watano, vyenye maranda, kwenye kona yenye giza. Fito za kulalia lazima ziwe juu kuliko viota. Kuku hutafuta pa juu usiku, na akilala kiotani anakinyea, halafu unaokota mayai machafu kila siku. Ndani ya kila kiota niliweka gamba la yai nililolijaza jasi, likakauka likawa gumu. Mtetea mgeni akiona yai pale, naye anaona ndipo mahali pa kutagia. Asipoona, utayatafuta kwenye migomba.

Kujua nani amekaribia, nawakagua jioni wakiwa wametulia kwenye fito. Chini ya mkia kuna vifupa viwili vyenye ncha, kimoja kila upande wa tundu la kutagia. Kidole kimoja kikipita kwa shida, bado. Vikipita viwili au vitatu, na tundu lenyewe limetanuka na kuwa na unyevu, jiandae. Mchana, mtetea aliyeiva ukimnyooshea mkono mgongoni hakimbii, anachutama na kufungua mabawa kidogo. Na upanga wake sasa ndio unaiva wekundu, kwa hiyo usije ukamdhania jogoo aliyechelewa.

Mayai ya mwanzo huwa madogo, mengine gamba laini, mengine hayana hata kiini, na alama ndogo ya damu juu ya gamba si ya kukutia hofu ikiwa ni mara moja moja. Tuliyala. Siyaatamishi hayo, maana yai dogo hutoa kifaranga kidogo. Ya kuatamisha nilisubiri yafikie ukubwa wa kawaida, na nikabakiza jogoo mmoja kwa mitetea kumi.