Siku Bibi wa Kizimbani Alipotazama Panya

Mwalimu wetu alishikilia kuwa mtu aliyetupa elimu ya mmea ana haki ya kuona tunavyoutumia. Ndiyo maana bibi mmoja wa Kizimbani, ambaye kwa miaka mingi majirani walimwendea kutafuta dawa ya wasiwasi na kukosa usingizi, alialikwa katika maabara tuliyofanyia kazi mjini Unguja, asubuhi moja tulipokuwa tukijaribu mchaichai kwa panya weupe. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuhesabu na kuandika.

Baada ya maamkizi alikuta kifaa kilichotengenezwa na seremala: mbao zilizopishana kama njia panda, zimeinuliwa juu ya sakafu, njia mbili zina kuta na mbili ziko wazi pande zote. Nilimweleza kuwa panya kwa maumbile yake huogopa mahali palipo wazi na juu, lakini pia hupenda kupeleleza, na kwamba kwa dakika 5 tunapima muda anaothubutu kukaa kwenye njia zilizo wazi. Dawa inayopunguza hofu, kama diazepamu kwa dozi ya miligramu 1 hivi kwa kila kilo ya uzito, humfanya atoke zaidi nje ya kuta. Panya mmoja akimaliza, mbao hufutwa kwa spiriti ili harufu yake isimshtue anayefuata. Chupa za dawa zilikuwa na namba tu, nami sikujua ipi ni maji matupu, ipi ni diazepamu na ipi ni mchaichai, kwa sababu anayehesabu akijua huona anachokitaka.

Panya wa tatu mbele ya bibi alijikunyata katika pembe ya njia yenye kuta, asisogee. Mwenzangu alifurahi, akasema dawa hii, iwayo yote, imemtuliza. Bibi aliinama, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu hajatulia, mwanangu. Huyu kalewa. Aliyetulia hutembea, huuliza habari, hula."

Mwalimu alimwomba arudie maneno hayo, akaniagiza niyaandike daftarini, kwani bibi alikuwa ametaja ugumu mkubwa kuliko wote katika majaribio ya aina hii. Panya aliyelegea kwa usingizi na panya aliyeondokewa na hofu wanaweza kuonekana sawa kwa jicho la haraka. Kwa hiyo haitoshi kupima muda wa njia za wazi. Lazima pia kuhesabu ni mara ngapi mnyama ameingia katika njia zote, za wazi na zenye kuta, maana hesabu hiyo ikishuka yote kwa pamoja, kilichopungua ni mwendo na si hofu. Namba zilipofunuliwa, panya yule alikuwa katika kundi lililopewa dozi kubwa kabisa ya mchaichai uliolowekwa katika spiriti, nayo spiriti yenyewe ilikuwa imeshakaushwa yote kabla ya dawa kupimwa. Kundi zima lilikuwa limezubaa vivyo hivyo.

Bibi hakufurahia kusikia habari ya spiriti. Alisema yeye hutia majani mabichi katika maji yanayochemka, hufunika, basi. Mwalimu alikubali kuwa hoja hiyo ni ya kitaalamu kabisa, kwa sababu maji hutoa vitu tofauti na spiriti, na mafuta yenye harufu hupotea na mvuke chombo kisipofunikwa. Brazil, ambako chai ya mchaichai hunywewa kwa nia hiyohiyo, watafiti walichapisha mwaka 1986 kuwa chai hiyo haikupunguza wasiwasi wa watu walioinywa. Lakini mwaka 2011 wengine wa hukohuko walionyesha kuwa mafuta ya mmea huo yalipunguza hofu ya panya, na kwamba flumazenili, dawa inayozuia kazi ya diazepamu katika ubongo, iliifuta athari hiyo. Mimi naona matokeo hayo mawili hayapingani. Yanahusu vitu viwili vilivyotoka katika jani moja.

Tuliandaa basi chai kwa namna yake, yeye mwenyewe akisimamia, nami nikipima majani na maji. Panya walioinywa hawakutofautiana na waliokunywa maji matupu, na mwalimu alitaka tumpelekee habari hiyo nyumbani kwake, uso kwa uso, badala ya kumwachia aisikie kwa watu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema hajapata kumpa mtu mchaichai akamwacha peke yake. Hukaa naye mpaka kikombe kiishe, akimsikiliza. Katika ripoti, sehemu ya matumizi ya dawa ilikuwa imetaja majani, maji na muda wa kufunika tu. Mwalimu aliirudisha kwangu niongeze hilo la kukaa na mgonjwa, nikaliongeza.