Mmekwenda kwa nani?

Jirani ameletewa migebuka ya kubanika kutoka Kigoma, na tangu asubuhi harufu ya moshi imeingia mpaka kwenye nguo nilizoanika. Nimekaa barazani nainusa, lakini akili haikwenda Kigoma. Imekwenda Whitby, mji wa pwani kule Uingereza, kwenye kichochoro cha Henrietta Street, ambako kuna kibanda wanabanika samaki tangu 1872 na kuta zake ni nyeusi kama masizi ya sufuria.

Wifi ndiye aliyekuwa likizo, mimi mgeni wake. Alinunua heringi wawili waliopasuliwa mgongo, akawafunga kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko, na bado begi lilinuka kutwa. Tukapanda zile ngazi 199 hadi kanisani, tukapita magofu ya abasia, makao ya watawa wa zamani, tukashika njia ya juu ya majabali kuelekea Robin Hood's Bay. Ni kama kilomita 11. Bahari kushoto, kondoo kulia, upepo unataka kunivua mtandio.

Nimezaliwa Tanga, bahari naisikia nikiwa kitandani, lakini kutembea kando yake bila shughuli sikuwahi. Kwetu ukionekana ufukweni huna ndoana wala tenga, utaulizwa umepoteza nini. Huko tulipishana na wazee wenye fimbo, watoto, mbwa waliolowa, na hakuna aliyekuwa anakwenda mahali. Wote wanasalimia. Nikamuuliza wifi hawa wanatafuta nini. Akasema, "Wanapunga upepo, wifi. Tembea."

Njaa ilituingiza baa, mimi kwa mara ya kwanza maishani. Nilitarajia muziki na walevi. Nikakuta bibi anafuma sweta na mbwa amelala chini ya meza. Samaki na chipsi tuliwaacha, maana wifi aliuliza wanakaangia nini, akaambiwa mafuta ya ng'ombe. Ndivyo wanavyopenda mkoa ule wa Yorkshire. Tukala mkate uliojazwa nyama ya kaa, mtamu ajabu, kwa soda ya tangawizi. Mabishano ya masheikh kuhusu kaa tuliyaacha Tanga.

Tulifika alasiri, miguu si yangu tena. Kijiji kimejibana kwenye korongo, barabara yake inashuka mpaka inaingia majini. Pale mwisho, mbele ya baa nyingine, walikuwa wamesimama mume na mke, watu wazima, buti zimejaa tope. Wifi akaninong'oneza kwamba hao wameikata Uingereza nzima kwa miguu kutoka St Bees, kwenye bahari ya upande wa pili, kama maili 190. Njia hiyo aliitunga Alfred Wainwright kwenye kitabu chake cha 1973, na desturi ni kuokota kokoto kule unakoanzia, ukaibeba, ukaitupa huku.

Mzee alitupa yake haraka, kama mtu anayelipa deni. Mama akaitoa ya kwake ndani ya soksi. Kokoto ya kijivu, haina lolote. Akaifuta kwa kidole gumba, akaipima mkononi, akanyanyua mkono, akaushusha. Maji yalikuwa yanajaa, yameshagusa buti zake, naye hasogei. Mume akamhimiza. Akanyanyua tena. Watu waliokuwa nje na glasi zao wakanyamaza, hata mimi nikajikuta nimeshika mkono wa wifi. Yule mama akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba ameibeba nchi nzima na haoni kwa nini aitupe. Akairudisha ndani ya soksi, akaingia baa kuagiza bia. Mume akabaki anaangalia bahari, nafikiri anaitafuta yake.

Nilitaka kumfuata nimuulize. Nimuulize nini, sijui mpaka leo.

Usiku mama yangu alipiga simu. Nikamweleza majabali, kondoo, kaa, watu wanaobeba mawe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa huko mlikwenda kwa nani?"

"Hatukwenda kwa mtu, mama. Tulitembea tu."

Kimya. "Na kurudi?"

"Tulipanda basi."

"Kumbe basi lipo!" akasema, kisha nikamsikia anamhadithia baba.