Mgeni mmoja, hesabu mbili: nilivyosafisha tagi za tovuti

Mama mwenye kampuni alinipigia Jumatatu asubuhi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza: "Mwanangu, ripoti yako inasema watu wanafungua kurasa zetu kila kukicha. Mbona simu yangu iko kimya?" Ana kampuni ndogo ya utalii Moshi, wanapeleka wageni Kilimanjaro na mbugani, na tovuti yao naitunza mimi. Wiki hiyohiyo alikuwa anataka kuongeza fedha za matangazo kwa sababu ya ripoti ile. Swali lake lilinikosesha raha, maana fedha hizo zingetoka mfukoni mwake kwa neno langu.

Nikarudi Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, na kuisoma upya, polepole. Kilichonishtua ni kiwango cha wageni wanaoingia na kutoka bila kufanya lolote: kilikuwa asilimia 2 tu. Miezi yote hiyo nilikuwa nakifurahia. Lakini katika GA4, toleo la sasa la chombo hicho, ziara huhesabiwa kuwa ya mtu aliyeshiriki ikizidi sekunde 10, au ikiwa na tukio muhimu (tendo ulilolitia alama kuwa la maana kwako), au ikiwa na kurasa 2 na zaidi. Ukurasa mmoja ukihesabiwa mara mbili, hata aliyechungulia akaondoka sekunde ya tatu anaingia kundi la walioshiriki. Ile namba nzuri ndiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Nilitaka kuuona kwa macho. Nikafungua tovuti kwenye dirisha la faragha la Chrome, nikabonyeza F12, nikaenda sehemu ya Network, nikaandika neno collect kwenye kisanduku cha kuchuja, kisha nikapakia ukurasa wa mwanzo upya. Kila taarifa inayokwenda Google Analytics hupita hapo, na ndani yake kuna tid, yaani namba ya kipimo inayoanza na G-, na en, yaani jina la tukio. Zikatokea mbili za page_view, yaani ukurasa umefunguliwa, tid ileile, zikifuatana. Nilifungua ukurasa mmoja, mara moja, mtu mmoja.

Chanzo sikukitafuta kwa kubahatisha. Nilifungua msimbo wa ukurasa kwa Ctrl+U, nikatafuta kila palipoandikwa G-, GTM- na UA-, mianzo ya namba za misimbo ya Google ya kupima, nikaandika kwenye karatasi kila nilichokipata na mahali kilipotoka. Fundi aliyenitangulia alikuwa amebandika gtag, msimbo wa Google wa kuhesabu, kwenye mipangilio ya themu (muundo wa sura ya tovuti) ya WordPress, kile kisanduku cha kuweka skripti za kichwani. Mimi nilipokuja niliweka Google Tag Manager, chombo cha kusimamia tagi, yaani vipande vya msimbo wa kupima, na ndani yake nikaweka tagi yenye namba ileile ya G-. Sikuuliza kama kuna kingine, na kosa hilo ni langu. Kitu cha tatu nilichokikuta ni plagini, programu ndogo ya nyongeza ya WordPress, iliyokuwa bado inapakia msimbo wa UA-, mfumo wa zamani ambao Google iliacha kuupokelea taarifa mpya tarehe 1 Julai 2023 kwa akaunti za kawaida. Ule haukuwa unahesabu chochote tena, ila kila mgeni alikuwa anaupakua kwa bando lake.

Nikaamua msimbo wote wa kupima uingie kwa mlango mmoja, Tag Manager, na mahali pengine pote pafungwe. Kwa nini huo na si themu? Kwa sababu themu ikibadilishwa, msimbo unaondoka nayo kimyakimya, na kwa sababu nikitaka kupima kitu kipya sigusi faili za tovuti. Nilitoa gtag kwenye themu, nikaondoa ile plagini, nikahakikisha kontena lenyewe, yaani msimbo wa Tag Manager, limewekwa mara moja tu: kipande kimoja kwenye head, sehemu ya kichwa cha ukurasa, na kile cha noscript mara baada ya body, sehemu ya mwili, kufunguka.

Nikapima tena. Bado mbili! Nilihangaika karibu saa nzima kabla ya kukumbuka kashe. Plagini ya kashe ilikuwa inawapa wageni nakala ya jana ya ukurasa, yenye msimbo niliokwisha kuufuta. Nilipofuta nakala hizo ikabaki page_view moja. Tangu siku hiyo nikigusa msimbo nafuta kashe kwanza, ndipo napima.

Nilidhani nimemaliza, mpaka nilipofika ukurasa wa kuweka nafasi. Fomu ile ina hatua 3, na kila hatua inabadilisha anwani juu ya kivinjari bila kupakia ukurasa upya. GA4 ina kipimo chake cha ziada kinachotambua mabadiliko hayo ya historia na kutuma page_view chenyewe. Nami nilikuwa nimetengeneza kichochezi, yaani sharti la kuamsha tagi, cha kufanya kazi hiyohiyo ndani ya Tag Manager. Niliondoa cha kwangu.

Kitufe cha WhatsApp nacho kilikuwa na hesabu mbili, ila kwa majina tofauti, na hizi ni ngumu zaidi kuziona. Kiungo cha wa.me kinatoka nje ya tovuti, kwa hiyo GA4 inakirekodi yenyewe kama click, na mimi nilikuwa na tukio langu la bofya_whatsapp. Yote mawili nilikuwa nimeyatia alama kuwa matukio muhimu. Nimebakiza alama kwenye moja tu.

Kubwa kuliko yote lilikuwa maombi ya safari. Nilikuwa nayahesabu kila ukurasa wa asante unapofunguka. Mgeni akiupakia upya, au akiufungua kesho yake kwenye historia ya simu ili asome maelezo, ni ombi jipya kwenye ripoti. Sasa fomu yenyewe ndiyo inayosukuma taarifa kwenye dataLayer, orodha ambayo Tag Manager huisoma, ikishatumwa salama, na tagi inasubiri taarifa hiyo, haisubiri ukurasa. Nilijaribu kwa Tag Assistant, chombo cha Google cha kukagua tagi, nikiupakia ukurasa wa asante mara tano mfululizo, na ombi likabaki moja.

Takwimu za nyuma hazirekebishiki. Nilichoweza ni kuandika tarehe ya marekebisho juu ya ripoti, ili mtu asije akalinganisha mwezi wa kabla na wa baada kama vile ni kipimo kimoja.

Kisha nikampigia mama. Nilimwambia kurasa zitashuka karibu nusu kuanzia wiki hii, na kwamba hakuna mgeni aliyekimbia, ila kila ukurasa aliofungua tulikuwa tunauhesabu mara mbili. Nikamwomba radhi kwa ripoti za nyuma. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo ile fedha ya matangazo?" Nikamwomba asubiri.

Jumatatu iliyofuata tulikaa pamoja, yeye na simu yake, mimi na kompyuta. Ripoti ilisema kitufe cha WhatsApp kimebofywa mara 31. Kwenye simu kulikuwa na mazungumzo mapya 24 yaliyoanza na ule ujumbe ambao kitufe cha tovuti humwandikia mgeni tayari. Nikamweleza kuwa wapo wanaobofya wakaishia kutotuma. Akayapitia yale 24 moja baada ya jingine, akasoma tarehe zake, kisha akasema, "Haya, hizi nazijua. Watu hawa nimezungumza nao."